Vigelegele kwa Kitumbua Kimoja

Ilikuwa Jumamosi, saa moja kasoro asubuhi, uani kwetu Mbagala. Chuma cha vitumbua kimeshika moto, iliki inanukia hadi barabarani, wateja wamesimama, nami nageuza huku natafuta chenji. Mwanangu, wakati huo ana miaka minne na miezi miwili, amekaa pembeni yangu kwenye kiti chake cha maboksi, kifua kimezungushiwa kipande cha khanga asije akaangukia mbele. Nilikuwa nimemwekea kitumbua kimoja kwenye sahani kipoe, nimlishe nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Nikiwa namfungia mama mmoja vitumbua vya elfu moja, nikaona mkono wa kushoto wa mwanangu umeanza safari. Ukapita juu ya sahani bila kugusa kitu. Ukarudi. Ukaiangukia sahani, kitumbua kikabingirika hadi ukingoni mwa meza yake. Ngumi ikafunguka, ikafumba hewa tupu. Ikafunguka tena. Mara ya tatu vidole vikakutana na kitumbua, vikakiminya mpaka mafuta yakachuruzika, na mkono ule ukaanza kupanda, unatetemeka kama wa mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni. Ukagonga kidevu. Ukagonga shavu. Ukafika.

Alichong'ata hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kilichobaki kilidondoka chini, jogoo wa jirani akakiwahi. Mimi nimeganda na kijiti mkononi, vitumbua saba vinaungua, machozi yananitoka. Yule mama mteja hakuniuliza kitu. Alitua mfuko wake, akainua uso juu, akapiga vigelegele. Vile vya kumtoa bibi harusi ndani. Majirani wakachungulia madirishani wakiulizana nani anaolewa saa hizi.

Hakuna aliyekuwa anaolewa. Mtoto alikuwa amekula.

Nakuandikia wewe mzazi mwenzangu, mlezi mwenzangu, unayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, usonji, mgongo wazi, Down sindromu au ulemavu ambao mpaka leo hakuna aliyekutajia jina lake. Nakuandikia kwa kuwa nilikaa miaka mitatu mdomo wangu mzito kwa vigelegele, na najua miaka ile ilinigharimu nini. Nina neno moja tu: usisubiri mwanao afike ndipo ushangilie. Shangwe ndiyo nauli ya safari hii, na nauli hulipwa mtu akiwa bado njiani.

Neno "hivyo hivyo"

Mwanangu alipozaliwa alichelewa kulia. Miezi mitano ikapita shingo haijakaza. Miezi tisa, hajakaa. Watoto wa mtaani waliozaliwa naye mwezi mmoja walikuwa wameanza kusimama dede, wanashika kuta, mama zao wanawaimbia. Mimi nilikuwa nikiwahi kufunga dirisha.

Mhudumu mmoja wa afya, ambaye sina haja ya kumtaja wala kumtajia kituo, aliniangalia, akamwangalia mtoto, akaniambia kwa sauti ya huruma kabisa, "Mama, wewe bado kijana, zaa mwingine." Nilitoka pale nimembeba mwanangu kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine. Nyumbani wengine wakasema ni mkosi, wengine wakataja jina la mganga. Wifi yangu alinishauri nisimtoe nje mchana. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ananilinda na macho ya watu, kwa njia aliyoijua.

Tulipopata mahali pa kumpeleka mazoezi, kila tulipofika mtaalamu aliuliza swali lile lile: "Mama, anaendeleaje?" Nami nilijibu jibu lile lile: "Hivyo hivyo."

Siku moja yule dada wa mazoezi aliacha kunyoosha mguu wa mtoto, akakaa kitako kwenye mkeka. Akasema, "Mama, mwezi uliopita nikimweka kifudifudi alikuwa analia mara tu uso ukigusa mkeka. Leo ameinua kichwa mara mbili nikiwa naongea na wewe. Hukuona?"

Sikuona. Macho yangu yalikuwa yakitafuta mtoto anayetembea, kwa hiyo yakampita mtoto anayeinua kichwa. Hapo ndipo nilipoanza kuliogopa neno "hivyo hivyo". Ni neno la upole, tunalijibia salamu kila siku, lakini kwa mtoto wa aina hii linazima taa. Kisichoonekana hakishangiliwi, na kisichoshangiliwa hukosa mtu wa kukirudia.

Kalenda ya nani?

Tuseme ukweli kuhusu kalenda tunayowapimia watoto wetu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walitaka kujua mtoto hukaa lini, hutambaa lini, huenda tata lini. Walichokipata kilikuwa kipindi, wala hakikuwa tarehe. Wapo waliokaa bila kushikwa kabla ya miezi 4, wapo waliokaa baada ya 9. Wapo waliotembea wenyewe wakiwa na miezi 8, wapo waliongoja mpaka baada ya 17. Na takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, walirukia hatua nyingine.

Hao ni watoto ambao hawakuwa na tatizo lolote. Kama wao kwa wao walipishana zaidi ya miezi tisa, basi mtoto wa jirani hajawahi kuwa rula ya kupimia mtoto wa mtu.

Lakini usinielewe vibaya. Kipindi hicho kina kazi yake. Mtoto akikipita bila kufikia hatua, mpeleke kituo cha afya mapema, usikubali maneno ya "hata baba yake alichelewa". Waliosema chelewa chelewa utakuta mwana si wako walijua. Ubongo wa mtoto mchanga ni udongo mbichi, na miaka ya mwanzo ndiyo ya kufinyanga.

Mtindio wa ubongo, ndio alio nao mwanangu, ni jeraha lililoupata ubongo ukiwa bado unakua: kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa njiti, kwa manjano makali yaliyocheleweshwa kutibiwa, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa malaria iliyopanda kichwani. Hakuna laana kwenye orodha hiyo, wala hakuna mama aliyekosea. Na sikia hili vizuri: jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili unaokua nalo. Ukiuacha, misuli hukakamaa na viungo hujikunja. Ukiufanyia kazi, hupata njia zake.

Njia hizo haziwi sawa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapanga watoto hawa katika ngazi tano. Wa ngazi ya kwanza hutembea na kupanda ngazi za nyumba. Wa ngazi ya tano huhitaji msaada hata wa kushikilia kichwa. Mwulize mtaalamu wako mwanao yuko wapi, kisha acha kumdai madeni ya mtoto wa ngazi nyingine. Mwanangu yuko ya nne. Nilipoambiwa, nililia usiku mzima. Asubuhi nikaamka mwepesi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua namlinganisha na nani: na yeye mwenyewe wa jana.

Wawili kati ya watafiti wa chuo hicho, Peter Rosenbaum na Jan Willem Gorter, waliandika mwaka 2012 mambo sita ambayo kila mtoto mwenye ulemavu anayahitaji: kufanya mambo kwa namna yake, familia, mwili wenye afya, furaha, marafiki, na kesho yake. Soma tena. Kutembea hakumo. Nilipoisikia orodha hiyo nilijihesabia: nilikuwa nimemkimbizia mwanangu jambo moja lisilokuwemo, na kumnyima matatu yaliyokuwemo.

Milango kumi na miwili

Sasa turudi kwenye kitumbua. Mtoto mwingine akila, unaona amekula, basi. Kumbe kati ya sahani na tumbo kuna milango. Hesabu na mimi: kukaza shingo, kukaa wima, kukiona chakula, kukitaka, kunyoosha mkono, kufungua ngumi, kufumba vidole mahali penyewe, kuinua, kuupata mdomo, kung'ata, kutafuna, kumeza. Ni milango 12. Mtoto wa jirani hupita mbio hata hajui kama ilikuwepo. Mwanao anaigonga mmoja mmoja, na kila mmoja una kitasa chake.

Wa kwanza ulituchukua miezi kumi na mmoja. Khanga mbili zimeviringishwa ngumu kama gogo, zimewekwa chini ya kifua, mtoto kifudifudi, nami nimelala mbele yake sakafuni uso kwa uso. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Silaha yangu ilikuwa chupa ya maji ya plastiki yenye punje za mahindi ndani. Natikisa, anatafuta sauti, kichwa kinapanda, kinaanguka. Bandu bandu huisha gogo, na gogo letu lilikuwa kubwa.

Mlango wa kukaa ulifunguliwa na maboksi. Kuna mbinu iliyoenezwa kutoka Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer: unabandika matabaka ya maboksi na karatasi kwa gundi ya unga wa ngano mpaka yanakuwa magumu kama mbao. Tulifundishwa kwenye kikundi cha wazazi. Nilikusanya maboksi ya sabuni kutoka duka la mangi, magazeti ya zamani, nikapika uji mzito wa ngano. Tabaka, kausha, tabaka, kausha. Ilikuwa masika, kwa hiyo kiti kilichukua wiki tatu kukauka, na usiku panya walikuja kuonja gundi. Lakini kilipokauka, baba watoto alikikalia mwenyewe kukijaribu, kilo zake themanini, kikatulia. Siku mwanangu alipokalia kiti kile, aliona ua wetu ukiwa umesimama. Miaka miwili na nusu alikuwa akiuona umelala.

Milango ya kutafuna na kumeza ina tahadhari yake. Usimlishe amelala chali, hata kama ndivyo bibi alivyokulisha wewe. Mkalishe, kichwa kiiname mbele kidogo, kijiko kidogo, uji uwe mzito kiasi ili usimkimbie kooni, kwa kuwa chakula kikiingia njia ya hewa kinakuja na nimonia. Na mbeleko usiidharau. Mgongo wa mama wa Kiafrika huitanua miguu inayotaka kupishana kama mkasi, na hapo umefanya mazoezi ukielekea sokoni.

Halafu kuna zoezi ambalo ni lako wewe mzazi, nalo ni gumu kuliko yote: hesabu mpaka 10 kabla ya kumsaidia. Mkono wake unapohangaika, wako unawasha. Ukimnyakulia kitumbua umpe, umemlisha, lakini umemfungia mlango aliokuwa anausukuma. Tafiti za miaka hii zinasema vivyo hivyo: mtoto hujifunza zaidi akifanya mwenyewe jambo analolitaka, mara nyingi, palepale anapoishi, kuliko kunyooshwa viungo tu. Hesabu polepole. Mwanangu huwa anaanza kusogea nikiwa nimefika saba.

Kaunta buku

Yule dada wa mazoezi alinipa kazi moja ya nyumbani. Nunua kaunta buku, kila jioni andika mstari mmoja. Usiandike ulivyojisikia, andika ulichokiona. Hii hapa baadhi ya mistari, kama ilivyo:

"12 Februari. Shingo, sekunde 4. Paka alipita."

"9 Aprili. Shingo, sekunde 15. Amekasirika, amelia, ameinua tena."

"20 Juni. Degedege mara 2. Hakuna mazoezi leo."

"2 Agosti. Amecheka kabla sijamtekenya. Amejua kinachokuja."

Tazama ule wa Agosti. Mtoto niliyeambiwa hatajua kitu ameona vidole vyangu vikija, akakumbuka jana, akacheka mapema. Hiyo ni kumbukumbu. Hiyo ni akili inayosubiri furaha. Kadi ya kliniki haina mahali pa kuandika jambo hilo, na bila kaunta buku ningelisahau kabla ya kuosha vyombo.

Tazama na ule wa Juni. Nao umo. Daftari la ushindi mtupu ni daftari la uongo, na mtoto atarudi nyuma siku nyingine kwa homa, kwa kukua ghafla, kwa kuchoka. Siku ya degedege au kifafa mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na dawa alizoandikiwa usizikatishe kwa kuwa wiki mbili zimekuwa shwari. Lakini ukiona mtoto anapoteza mfululizo yale aliyokwisha kuyapata, rudi kwa daktari haraka, kwa maana nimekwambia jeraha la mtindio haliongezeki. Pengine kuna jambo jingine, na daftari lako ndilo litakalolisema.

Siku hizi nikiulizwa "anaendeleaje?", natoa buku. Madaktari hukaa sawasawa kwenye viti vyao.

Kwa nini tupige kelele

Utaniuliza: sawa, nimeona, nimeandika. Vigelegele vya nini? Si nitaonekana mwendawazimu, nashangilia mtoto wa miaka minne kushika kitumbua?

Kwanza ni kwa ajili yake. Njia ya ubongo ni kama ya kondeni: inachongwa kwa kupitwapitwa. Mtoto hurudia kilichomletea nyuso za kucheka. Siku ile alisikia kelele, akashtuka, akanitazama, akaona nacheka na kulia, na mkono ukarudi mezani kutafuta kitumbua kingine. Hakuna dawa niliyowahi kununua iliyomfanya atake kujaribu tena kwa kasi ile.

Pili ni kwa ajili yako. Mama aliyechoka hawezi kumfanyisha mtoto mzito mazoezi mara tatu kwa siku kwa kula huruma za watu. "Pole" ni neno zuri, lakini ukilishwa pole asubuhi, mchana na jioni, unadhoofu. Hongera ina wanga.

Tatu ni kwa ajili ya mtaa. Mtoto aliyefichwa hujadiliwa, aliyeshangiliwa hujulikana jina. Tangu siku ile watoto wa mtaani walianza kuja uani. Mwanzoni walikuja kutazama, baadaye kucheza. Wakagundua kwamba wakimrushia mpira wa makaratasi anausukuma kwa kiwiko na kucheka mpaka mate yanamtoka, na wao wanayafuta kwa mashati yao bila kinyaa. Marafiki, lile jambo la tano kwenye orodha ya wale watafiti, walikuja kwa miguu yao.

Hata bibi yake. Mama mkwe wangu alikuwa akija anamfunika mtoto uso kwa khanga tukitoka nje, "asipigwe na jicho". Alipokuja baada ya habari ya kitumbua, alikaa mbele ya kile kiti, akavunja kitumbua, akamwekea kipande, akasubiri. Hakusema kitu. Alikuwa anahesabu, midomo inacheza. Na baba watoto, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anaondoka mtoto hajaamka na kurudi amelala, alikata mianzi, akafunga fito mbili sambamba uani, kimo cha kwapa za mwanawe. Hakuwa amemkataa mtoto. Alikuwa hana kazi ya kufanya, na mwanaume asiye na kazi ya kufanya hukimbia maumivu. Mpe baba kazi ya mikono, utamwona.

Ila shangwe ina adabu yake. Usimshangilie kwa jambo ulilomfanyia wewe, atajua. Usimfanye maonyesho kwa wageni, "hebu waonyeshe unavyoshika". Na kama mwanao yuko ngazi ya tano, kifafa kinamsumbua, na mistari ya buku inafanana mwezi baada ya mwezi, sikwambii ujidanganye. Nakwambia ubadilishe unachokitazama. Usiku mmoja wa usingizi bila kukakamaa. Gramu mia mbili zilizoongezeka kwenye mzani. Jicho lililokufuata mlangoni ulipotoka. Mtoto huyo ana furaha na familia na leo yake, na leo nayo inastahili kigelegele, hata cha taratibu, sikioni mwake.

Toka nje naye

Shangwe ya ndani ikishaota mizizi, itoe barabarani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tafuta wazazi wenzako pale mnapopeleka watoto mazoezi, changieni bajaji, anzisheni kikoba, fundishaneni kupika gundi ya ngano. Mama aliyekutangulia miaka miwili atakufundisha mambo ambayo hakuna chuo kitakufundisha.

Dai kilicho chako. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtambua mwanao kuwa mwenye haki ya matibabu na elimu kama mtoto mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, Ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa utu na heshima. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanafundishwa wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kazi. Katika chuo cha Patandi, Arusha, wanafundishwa walimu wa elimu maalumu. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT, na kuna shule kama Uhuru Mchanganyiko ambako watoto wenye ulemavu na wasio nao huingia geti moja. Havitoshi, ndiyo. Lakini mlango usiobishwa haufunguliwi, na afisa elimu asiyeona sura ya mwanao hana sababu ya kumtengea dawati. Mpeleke akamwone.

Na kila tarehe 6 Oktoba, siku ya mtindio wa ubongo duniani, mvalishe nguo yake nzuri umtoe nje. Konda atanung'unika kuhusu kitimwendo. Mtu atakodoa macho. Msalimie kwa jina la Mungu wake na umwambie mwanao anaitwa nani.

Usiku wa leo

Usingoje mwezi mpya. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, tafuta daftari, hata kama ni nyuma ya daftari la hesabu la dada yake. Andika tarehe. Andika jambo moja alilofanya leo ambalo hukumfanyia. Kama hujaliona, kesho chagua mlango mmoja tu kati ya kumi na miwili, kaa mbele yake, hesabu mpaka kumi, na utazame. Kisha mwambie mtu mmoja. Mwite shoga yako, mpigie mama yako kijijini, simama ukutani umwambie jirani: "Leo ameinua kichwa." Wakikuuliza "ndiyo nini sasa?", wewe piga kigelegele chako. Wataelewa wakizoea.

Yule mama mteja alirudi Jumamosi iliyofuata. Kabla ya kusalimia aliangalia kiti cha maboksi, akauliza, "Leo amekula mwenyewe?"

Nikamwambia ukweli. Asubuhi ile mkono ulikuwa mzito, hakulala vizuri, nilikuwa nimemwekea vitumbua vitatu na vyote vitatu vilikuwa vimeishia kwa jogoo.

Alicheka. Akafungua pochi, akatoa mia mbili, akaiweka juu ya meza yake yule mtoto.

"Basi mwekee cha nne."

Nikamwekea. Tukasimama wote wawili, chuma kinaunguruma nyuma yetu, tukaanza kuhesabu.